Uzito wa Houda

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mtaa wa Mutanga Nord, Waridi alimpeleka bintiye Houda, mwenye miaka kumi, kwenye upimaji wa afya wa kila mwaka shuleni. Kwa miaka mitatu mumewe, Hamimu, ndiye aliyempeleka. Safari hii alisema duka lake la vipuri vya pikipiki, kule Kamenge, halimwachii nafasi. Alimkabidhi kadi ya mtoto na kusisitiza jambo moja: kabla ya lolote, aitie sahihi.

Waridi alitia sahihi mlangoni, bila kuipekua kadi.

Houda akapanda mizani: kilo ishirini na mbili. Aliposhuka, mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulibaki kwenye sita, ukitetemeka, na chumba kikajaa harufu ya udi, ule ule ambao Hamimu huufukiza dukani kila Alhamisi.

"Mizani imezeeka," nesi Mathilde alinong'ona, akifungua kadi. "Lakini mama Houda, mwaka juzi mutoto alikuwa na ishirini na nane, mwaka jana ishirini na tano. Barua mbili tulimupa baba yake."

"Barua gani? Mi sikuona barua."

"Baba alisema nisikuambie," Houda alisema, macho sakafuni. "Yule wa dukani anakula uzito tu. Haumi."

Waridi akampigia mumewe simu.

"Hamimu, mutoto wangu umemupa nani?"

Hamimu akauliza polepole: "Umeshatia sahihi?"

"Ndiyo."

Mumewe alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, na katika pumzi ile Waridi akaisikia miaka yote mitatu, kila asubuhi aliyoambiwa mtoto ni mzima, kila sahani aliyomwongezea Houda akidhani ni uvivu wa kula, huku baba akiketi mbele yao, akijua.

"Sahihi yangu ilimutosha yule wa dukani mwanzo. Mwaka huu alitaka ya mama. Nisamehe. Bila yeye duka lingekuwa limefungwa."

Waridi aliirarua kadi vipande vinne, akamkumbatia mwanawe, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu. Mizani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikalia chuma kwa chuma, na mshale ukapanda hadi saba, ukapanda hadi nane, ukatulia kwenye tisa.

"Mupime tena," alisihi. "Kwa mizani ingine."

Mathilde akaleta ya chumba cha pili. Houda akapanda.

Kilo kumi na tisa.