Ndimu za Moustapha

Mara ya kwanza Safia alidhani mashine imechanganyikiwa tu. Alikuwa peke yake katika kiduka chao cha kuchapa barua pale Kasongo, jua likizama, kengele ikalia kwenye kompyuta na kidirisha kikafunguka: "Ndimu za Safia."

Mume wake Moustapha alikuwa msahaulifu kupindukia. Ndiyo maana aliweka ile kalenda ya bure kwenye kompyuta, imkumbushe kila kitu, hata ndimu za chai ya mke wake. Na hakununua bila kuonja. Moja lazima aing'ate hukohuko sokoni, arudi nayo ikiwa na alama ya meno, Safia amseme, wacheke. Sasa yuko kaburini, tangu pikipiki ilipomtupa barabara ya Kabambare.

Chini palikuwa na vitufe viwili vya Kifaransa: *Terminé*, imekwisha, na *Plus tard*, baadaye. Safia alibonyeza baadaye. Nani angeweza kusema imekwisha?

Kila jioni akafanya hivyo hivyo, mpaka maneno yakaanza kubadilika. "Nimetoka Kabambare." Kisha, karibu zaidi: "Nimefika Lusangi." Chumba kikanuka petroli na tope bichi. Safia akamwita Mwalimu Kasimu, aliyemwosha marehemu.

"Ile haiko bwana yako, mwanangu," Mwalimu alinong'ona. "Ni jini. Jeneza ilipotoka, watu wote tulisema tumemuachilia. Weye ulisema?"

"Sikusema, Mwalimu. Mudomo ilikataa."

"Basi unaliita kila siku. Bonyeza ile ingine, na useme."

Badala yake Safia alichomoa waya wa umeme, lakini kioo hakikuzimika. Kikaandika "Niko mlangoni," na huku Mwalimu akisoma Kurani kwa sauti inayokatika, pikipiki ikasikika ikija, ikazimwa nje, nyayo nzito za mtu mwenye tope zikapanda kizingiti, mlango ukagongwa polepole kama alivyozoea kugonga yeye, na sauti ambayo Safia angeitambua hata usingizini ikasema:

"Safia, unifungulie. Nimechoka, bibi yangu."

Moyo ulimpasuka. Alitaka kufungua, Mungu anajua alivyotaka. Akabonyeza *Terminé*.

"Nimekuachilia, Moustapha," akasema, machozi yakimdondoka.

Sauti ya nje ikajibu kwa upole: "Haya, bibi yangu." Nyayo zikashuka. Kioo kikawa cheusi.

Walipofungua hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na mfuko wa ndimu, umelowa tope.

"Usiguse!" Mwalimu alisema.

Safia alikuwa ameshapiga magoti. Ndimu moja ilikuwa imeng'atwa, maji yake bado yanatoka.

"Mwalimu, jini lingejua hii namna gani?"

Mwalimu Kasimu aligeuza uso. Safia akaiinua ile ndimu, akaweka meno yake palepale penye alama, akalia.