Nilinyamaza Mbele ya Jeneza la Dada

Nina miaka sitini na tatu, naishi Makorora, Tanga. Shule niliishia la saba, nikaendesha gari la serikali mpaka nikastaafu. Haya nayatoa kwenye daftari langu. Huenda mengine sielezi vizuri, mnisamehe.

Kabla ya kustaafu nilijenga. Mzee Faki, Mpemba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinikopesha mabati na saruji, nimlipe nikipata kiinua mgongo. Kwa haki yake niseme, hakunitukana hata siku moja. Alikuja mara tatu, akakaa barazani, akanywa kahawa. Mara ya tatu akasema kwa upole kwamba asipoona kitu atakwenda mahakamani.

Neno hilo likaniingia... Kinyozi wangu naye akanijaza hofu: mahakama ikiamua, akaunti inafungwa, hela ya uzeeni inabebwa yote. Je, nilimuuliza mtu wa sheria? Sikumuuliza! Nilimwamini mtu wa wembe.

Kiinua mgongo kilipoingia nilikitoa chote, nikakiweka kwenye akaunti ya dada yangu Mwanakombo, kule Tongoni. Mzee Faki nikamwambia bado sijalipwa.

Dada hakupenda.

"Tuandikishane, Bakari," aliniambia. "Miguu yangu inavimba kila kukicha. Na Hemedi hajui kitu."

Hemedi ni mwanawe mkubwa. Nikakataa. Karatasi ikionekana, si ndiyo ushahidi? Nikamwapisha asimwambie mtu, hata wanawe. Akaapa, kisha akanitazama muda mrefu... Sijui aliona nini.

Mwezi wa nne alianguka jikoni. Hakuamka.

Tukajipanga kumswalia. Hemedi akasimama kando ya jeneza, akauliza kama ilivyo ada yetu: mwenye kumdai mama, au aliyeweka amana kwake, aseme.

Nikafungua mdomo. Hapo nikahisi bega limenigusa kuliani... Mzee Faki! Alikuja kuzika, kama Mwislamu yeyote. Nikisema, atajua nilimdanganya. Nikainamisha kichwa.

Hemedi akarudia. Akarudia tena, na mara hii niliona kama ananitazama mimi.

Nilimwendea baada ya arobaini. Mirathi ilikwishagawanywa, na kila mmoja keshatumia fungu lake. Hemedi hakunifokea. Ningekuwa yeye ningejibu vilevile.

"Mjomba, niliuliza mara tatu. Wewe ulikuwa safu ya kwanza."

Kisha akaongeza, na hili ndilo linalonitesa: "Kwa hiyo mama tumemzika na amana ya mtu shingoni?"

Ndugu zangu, mngejibu nini? Mzigo ule nilimtwika mimi, nikamfunga mdomo kwa kiapo! Nikasema nimemsamehe dada yote, asidaiwe. Jasho la miaka thelathini, likaishia pale ukumbini.

Nikaenda kwa Mzee Faki nikamweleza kila kitu. Akasema, "Nilikuona unatetemeka msibani. Nikadhani ni uchungu wa dada yako."

Sasa namlipa kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni ya mwezi. Alikubali palepale! Je, angekubali tangu mwanzo? Sijamuuliza. Naogopa jibu. Na afisa wa mafao nilipomfikia, aliniambia pensheni ina kinga yake kisheria, laiti ningeuliza mapema...

Mstaafu mwenzangu, ukidaiwa, mwendee anayekudai mkapatane. Kaulize kwa wanaojua. Usiifiche hela yako nyuma ya jina la mtu bila maandishi, maana hujui nani atatangulia. Na ukiulizwa mbele ya jeneza, sema, hata kama unayemwogopa amesimama begani kwako.

Kila Ijumaa nakwenda Tongoni, nasimama kaburini, nasema kwa sauti: dada, nimekusamehe. Halafu nangoja na yeye aniambie hivyo.