Mfuko wa Bondeni

Miparachichi yote ya mjomba ilikufa, na aliyeiua ni msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakugusa hata mche mmoja.

Nyumbani na shuleni walimwita Chapuchapu. Akifua, chapuchapu, sabuni bado imo kwenye kola. Akifanya hesabu, chapuchapu, nusu ya majibu yamekosewa. Yeye alichopenda ni kusikia watu wakisema, "Eh, umeshamaliza?" Sifa hiyo ilimlevya.

Likizo moja mama yake mdogo alimchukua akamsaidie kazi. Mama Mdogo alikuwa mpimaji wa udongo. Ofisi yao ilikuwa inatengeneza ramani ya udongo wa mkoa mzima, ili watu wa mipango wajue pa kulima, pa kujenga na pa kuacha kama palivyo. Mkoa ni mkubwa, huwezi kuuchimba wote. Kwa hiyo walichimba sehemu chache zilizochaguliwa, kisha kompyuta ikatumia picha zilizopigwa kutoka angani na vipimo vya miinuko kukadiria sehemu zilizobaki.

Binamu yake, mtoto wa mjomba, alikwenda naye. Huyu waliomwita Domo hawakumwonea, maana alikuwa akiongea hata usingizini.

Dereva alikuwa ametangulia kusimika kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye kila kituo. Watoto walipewa kekee ndefu ya kutoboa ardhi, mifuko ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika. Unafika kwenye kijiti, unazungusha kekee mpaka iingie vizuri, unatoa udongo, unautia mfukoni, unaandika namba ya kituo.

"Kila mfuko utoke kwenye kijiti chake," alisema Mama Mdogo. "Sio karibu na kijiti. Kwenye kijiti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," walijibu.

Siku ya mwisho, jua likiwa kali, walibakiwa na vituo viwili: kimoja juu ya kilima, kingine chini bondeni. Kilimani walichimba bila shida. Udongo ulikuwa mwekundu, unaovunjika vizuri mkononi. Kisha Chapuchapu akatazama chini. Nyasi za bondeni zilimpita mtu mzima kwa urefu, na upupu ulikuwa umezitambalia kila mahali.

"Mimi siingii mle," alisema.

"Si kijiti kile pale, nakiona," alisema Domo. "Tukizungukia kule kwenye mawe tunafika."

"Unauona upupu ule? Nitajikuna mpaka siku ya harusi yangu."

"Nani akuoe wewe? Utamaliza harusi bwana harusi bado yuko njiani."

Walicheka. Halafu Chapuchapu akapiga magoti kwenye shimo lile lile la kilimani, akajaza mfuko wa pili, akauandika namba ya bondeni.

Domo aliacha kucheka. "Sasa huo ni wa wapi?"

"Wa bondeni."

"Wa bondeni umechimbwa huku?"

"Domo, udongo ni udongo! Hapa na pale ni pua na mdomo. Na ukisema, usinijue tena."

Domo akanyamaza. Kwa mtoto yule, kunyamaza lilikuwa jambo la kushangaza, lakini hakukuwa na mtu wa kushangaa.

Kwenye gari Mama Mdogo alifungua mifuko yote miwili, akaulowesha udongo kidogo na kuufikicha kwa vidole.

"Bondeni nako ni mwekundu hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Mama Mdogo alikunja uso. Alitazama bonde, akatazama jua. Dereva alikuwa ameshawasha gari na alikuwa akipiga miayo. Akafunga mifuko, wakaondoka.

Majibu ya maabara yalipotoka, Mama Mdogo alimwita Chapuchapu ofisini akaone matunda ya kazi yao. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni inayolalamika na kompyuta mbili. Kwenye skrini mkoa ulionekana kama ngozi iliyotandazwa, na rangi zilikuwa zinaujaza taratibu: kijivu, njano, kahawia. Bonde lao likageuka jekundu. Kisha bonde la jirani nalo likawa jekundu, na lingine, na lingine, mpaka kule ambako Chapuchapu hakuwahi kufika.

"Mbona yote?" aliuliza.

"Kompyuta inaona mabonde haya yanafanana," alisema Mama Mdogo. "Haijakanyaga kule. Inajua tulichoiambia tu. Ikiambiwa bonde moja ni jekundu, inasema haya mengine ni ndugu zake."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na mama yake mdogo alikuwa na furaha. Chapuchapu alisema, "Rangi nzuri."

Mwaka uliofuata barabara kuu ilipanuliwa. Karakana ya baiskeli ya mjomba ilikuwa ndani ya alama za upanuzi, ikabomolewa pamoja na nyumba nyingine kadhaa. Waliobomolewa walipewa mashamba kwenye bonde lile lile la upupu. Ofisa wa mipango aliwafungulia ramani, akawaonyesha wekundu: udongo usiotuamisha maji, unaofaa miti ya matunda. Alitakiwa apeleke watu wakachimbe tena kabla ya kugawa, lakini alikuwa na haraka, na ramani ilikuwa nzuri.

Mjomba hakuwa amelima hata bustani ya mchicha. Alikuwa fundi, na ardhi ya kiangazi ngumu aliiona ni ardhi tu. Fidia yake yote aliinunulia miche ya miparachichi. Jioni moja alimwambia Chapuchapu kwa furaha, "Mpwa wangu, sasa mimi bwana shamba. Ukija nisalimie kwa adabu, la sivyo hupati parachichi."

Chapuchapu alicheka kwa meno tu. Usiku hakula vizuri. Alijiambia labda bondeni ni pekundu kweli. Labda.

Mvua zilikuja. Maji yalisimama shambani kama yaliyomwagwa kwenye beseni. Majani yakawa ya njano, kisha kahawia, kisha miche ikaanza kuinama mmoja baada ya mwingine. Mjomba alimgeukia mwanawe.

"Nilikuambia uchimbe mifereji! Kazi yako kuropoka tu!"

"Nilichimba, baba. Maji hayaendi."

"Hayaendi, hayaendi! Umechimba kwa ulimi?"

Domo alimtazama Chapuchapu, aliyekuwa amesimama ukingoni na ndoo mkononi. Alipokea maneno yote ya baba yake akiwa ameinamisha kichwa.

Siku ya pili Mama Mdogo alifika na kekee. Aliizungusha kando ya mche uliokufa, akaivuta. Kilichotoka kilikuwa udongo mweusi wenye mabaka ya kijivu, unaonata kama gundi na kunuka kama maji ya mtaro.

"Kaka," alimwambia mjomba, "huu sio udongo uliokuja kwangu."

"Kwa hiyo umebadilika?"

"Udongo haubadiliki hivyo."

"Basi mtoto huyu mvivu—" mjomba alianza, akimnyooshea Domo kidole.

"Sio yeye," alisema Chapuchapu. "Ni mimi. Mfuko wa bondeni niliujaza kilimani. Niliogopa upupu."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Mjomba alikaa chini kwenye matope na suruali yake nzuri, akaukamata mche mmoja na kuuvuta. Ulitoka bila kubisha, mizizi yake imeoza.

Mama Mdogo alimpeleka Chapuchapu pembeni.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Niliona jibu lako halikai sawa, nikapanda gari. Hilo ni langu, na nitaliandika kwa mkuu wangu kama lilivyo. Lakini lako ni lako, usilifiche nyuma ya langu. Ungeniambia umeogopa upupu ningekucheka, kisha ningeingia mwenyewe. Sikia. Ukipewa kipande kidogo cha kazi ya watu wengi, usidhani ni kidogo. Wewe ulipodanganya, sisi wote tuliokuja baada yako tulifanya kazi kwa bidii juu ya uongo. Ukishindwa, sema umeshindwa. Hiyo ni aibu ya siku moja."

Likizo iliyofuata walirudia mabonde yote. Chapuchapu aliingia kwenye nyasi, akajikuna, akatoka, akaingia tena. Hakuna aliyemsifu kwa haraka, kwa sababu hakuwa na haraka. Ramani mpya ilitoka na mabonde ya kijivu, yanayofaa mpunga na malisho, na watu waliokuwa wapelekwe kwenye mabonde mengine walipelekwa kwingine. Hilo liliokolewa.

Mengine hayakuokolewa. Miche ya mjomba ilikuwa mia tatu, na haikupona hata mmoja. Majirani wanne waliopanda pamoja naye walipoteza yao pia. Mpunga wa mwaka ule ulikuwa umeshachelewa kupandwa. Mjomba hakuwa tena na kitu cha kuanzia, akahamia mji wa mbali kufanya kazi kwenye karakana ya mtu mwingine, chini ya fundi ambaye angeweza kuwa mwanawe. Alimsamehe mpwa wake kwa mdomo, na huenda kwa moyo, lakini hakumtania tena. Domo alihama naye, na shule ya huko haikuwa na nafasi kwenye darasa lake, akarudishwa nyuma darasa moja.

Miche mia tatu ya mjomba, mashamba matano, msimu mzima wa mvua, mwaka mmoja wa masomo wa mtoto asiye na kosa. Yote hayo kwa mfuko mmoja wa udongo.