Mwenza ni Mwenye Cheti

"Dada, siwezi kukuandika mwenza wa huyu bwana," karani alisema, kidole kikiwa juu ya jina la mwanamume kwenye fomu. "Kanuni inasema mwenza ni mwenye cheti cha ndoa."

Fundi cherehani akajishika shingo, pale penye uvimbe uliopangiwa kukatwa Jumatatu. Bila kadi ya bima mpya ya serikali hakuna upasuaji, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Miaka tisa amempikia yule mwanamume, amemwogeshea mama yake, tena ndani ya nyumba ambayo yeye fundi aliachiwa na marehemu baba yake. Kila akitaja ndoa, anaambiwa haraka haraka haina baraka.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Karani akafunua ukurasa wa mwisho wa kanuni. Sahihi yenye mkia mrefu. Fundi aliijua kama anavyoujua mshono wake. Ni ya mpenzi wake, mwanasheria wa wizara. Pengine aliitia akiwa anakunywa chai aliyopika yeye.

Akampigia palepale.

"Eti mwenza ni mwenye cheti? Umenifuta kwa mkono wako mwenyewe."

"Hiyo ni lugha ya sheria tu, mpenzi. Usikasirike."

"Nimeshakasirika."

Akakata. Ujumbe ukaingia: *Nakuja. Tufunge ndoa leo leo, cheti kitoke, uandikwe.*

Miaka tisa ndoa haikuwezekana, leo imewezekana kwa ajili ya fomu. Hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka.

Mwanasheria alipoingia, tai imepinda, fundi alikuwa anamuuliza karani kama mwanamke asiye na mume anaweza kujiandikisha mwenyewe, awe mkuu wa kaya. Akajibiwa anaweza, na kadi inatoka leo.

"Una wategemezi?"

Akamwonyesha bibi aliyekaa kwenye benchi, ambaye yeye fundi alikuja naye tangu asubuhi: mama wa mwanasheria. Karani akatafuta kwenye kompyuta, hakumwona popote. Bwana aliyeitungia nchi nzima kanuni alikuwa amemsahau mama yake mzazi.

"Uhusiano wenu?"

Bibi akawahi. "Andika mimi ni mama yake. Nani mwingine ananiogesha?"

Karani akaandika, kisha akamtazama mwanasheria. "Na huyu, naye ni wa kaya hii?"

"Huyo mpangaji," fundi alisema, akitia sahihi. "Mwisho wa mwezi anahama."