Msaragambo Juu ya Paa la Careen

Siku ya gulio mjini Same, katikati ya kelele za wauza nyanya, ngazi aliyobeba kijana mmoja ilimgonga Careen begani.

"Samahani dada! Nimekuumiza?"

"Umenichafulia gauni," alijibu, akikung'uta kitenge chake cha njano alichokishona mwenyewe.

"Basi nielekeze kwako, nije nikufulie."

Careen akacheka. "Fundi wa nini wewe?"

"Wa kupaua. Naitwa Aminieli, kwetu Mhezi."

"Ungepaona kwangu! Kunavuja kama chekecheo."

Ndani ya wiki mbili walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni, na kila jioni waliomba pamoja kabla ya kuagana.

Chumba hicho cha kupanga kilichovuja ndicho kilichomlisha Careen. Cherehani zake mbili zilikuwa humo. Mwenye nyumba, Mzee Eliufoo, aliahidi matengenezo tangu mvua za vuli, akanyamaza. Careen akamwandikia barua, akabaki na nakala. Kimya. Ndipo akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mama Tausi.

"Alhamisi nakuja na mzee mwenyewe," alisema Mama Tausi. "Nikiona panavuja, atatengeneza, au utatengeneza wewe na gharama zikatwe kwenye kodi, kwa maandishi. Akikataa, mtakwenda baraza la kata."

Aminieli hakuyajua hayo, wala hakuuliza. Kwao milimani paa la jirani likiharibika huitwa msaragambo, watu wote wanafanya kazi, hakuna anayeuliza kosa ni la nani. Jumatano, Careen alipopeleka sare za kwaya Kihurio, Aminieli alikuja na vijana sita wa kanisani. Jioni mabati mapya yaling'aa.

Alhamisi Mzee Eliufoo aliangalia juu, akacheka.

"Mwenyekiti, panavuja wapi? Binti huyu ananichafulia jina. Mwisho wa mwezi ahame!"

Careen akapiga simu.

"Aminieli, nani alikutuma?"

"Mpenzi, nilitaka kukufurahisha..."

"Umeniondolea ushahidi wangu wote! Sasa nafukuzwa. Usinipigie tena!"

Aminieli alisimama barabarani, akasema, "Bwana, nisaidie," kisha akatimua mbio. Mabati ya zamani alikuwa amempa mama mmoja aezekee banda la kuku!

Saa nane mchana mji mzima uligeuka kutazama: vijana saba, mabati yenye kutu vichwani, wakielekea ofisini kwa mwenyekiti, na kuku mmoja akiwafuata kwa hasira. Mlangoni pa ofisi hiyo, Mzee Eliufoo alikuwa bado anabishana na Careen.

"Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyekosea," alisema Aminieli akihema. Akainua bati moja juani, na miale ikapenya kwenye matundu, ikachora vidoa usoni kwa Mzee Eliufoo. "Baba, rangi hii ya kijani nani aliipaka?"

Mzee alikohoa. "Mimi, nilipoezeka nyumba ile."

"Basi kaa tuandike," alisema Mama Tausi, akichomoa kalamu.

Waliandikiana: Careen anabaki, na gharama za paa zinakatwa kwenye kodi. Mzee Eliufoo akatia sahihi bila kumtazama mtu.

Nje, Aminieli alifuta kutu mikononi kwa suruali yake.

"Careen, safari hii nauliza kwanza. Naomba nikuoe."

"Panda kwetu Bombo ukamuulize baba."

"Nitapanda kesho! Lakini wewe unasemaje?"

Careen alimpangusa kutu shavuni.

"Mimi nilishakubali, wewe, nilipokuona unapita mjini na mabati kichwani."