Mkufu wa Kipimo Ulififia, Mimi Nikaitwa Mwizi

Mkufu wa lulu ulinipiga usoni.

Haukumwagika. Mkufu uliofungwa vizuri haumwagiki hata ukirushwa, kwa sababu kati ya lulu na lulu kuna fundo la uzi wa hariri. Mafundo yale niliyafunga mimi mwenyewe, na sasa yalikuwa yameniachia alama shavuni.

"Okota," mama mkwe akasema. "Okota, umwambie mgeni huo ni wa daraja gani."

Nikaokota.

"Daraja la kwanza, mama."

Wifi yangu akacheka kile kicheko chake cha puani. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango. Hakusema kitu.

Hilo mlishike, wapendwa. Hakusema kitu.

Ngoja kwanza niwaeleze nyumba niliyoolewa. Mama mkwe ana duka la lulu. Chini duka, juu tunaishi sote. Alipanga madaraja kwa macho yake mwenyewe tangu mume wangu hajazaliwa, mpaka macho yakaingia ukungu, akafanyiwa upasuaji na kuamriwa apumzike. Funguo za kabati akampa mwanawe. Meza ya kupangia lulu akanipa mimi.

Si kwa kunipenda. Wifi hana subira, na mimi nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya upimaji wa vito.

Nilianza kusoma huku mwanangu amekwisha kumaliza shule. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, hata mwalimu ananiamkia. Nyumbani jina langu likawa Profesa. Nikirudi wifi anawaambia watu wasimame, Profesa ameingia. Mume wangu yeye alikuwa na lake. Aliniambia ubongo wangu ni kiatu cha zamani, nikiulazimisha utapasuka.

Nikaamini. Jamani, nilimwamini kabisa. Kila nilipokosea darasani nilisikia sauti yake.

Lakini sikuacha. Nilipiga magoti, nikamwomba Mungu anipe macho.

Sasa, kupanga lulu si kubahatisha. Kwanza unanawa mikono. Manukato ni marufuku, mafuta ya kujipaka ni marufuku. Unakaa dirishani, kwenye mwanga wa mchana na si wa taa, unatandika kitambaa cheupe, halafu unaiviringisha lulu kwa kidole. Ya duara kamili inakwenda moja kwa moja. Yenye kasoro inayumba kama mlevi. Unatafuta vidoa na vitundu. Mwisho unatazama mng'ao, na hapo ndipo penye kazi. Lulu nzuri inakuonyesha fremu ya dirisha, mstari kwa mstari. Lulu dhaifu inakuonyesha weupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Tena lulu za maji baridi hazipimwi kwa zile za baharini, na nyeusi zina zamu yake. Kila aina ina daraja lake la kwanza, na daraja la kwanza la duka hili si lazima liwe la duka lile.

Ndiyo maana kukawa na mkufu wa kipimo.

Wetu wa lulu nyeupe za baharini mama mkwe aliuchagua ujanani, lulu moja moja. Hauuzwi, hauvaliwi. Unatolewa kabatini, lulu mpya inalazwa kando yake, inalinganishwa, mkufu unarudi ndani. Macho ya binadamu huzoea haraka. Ukitazama lulu dhaifu tangu asubuhi, ikifika mchana utaziona zinapendeza. Mkufu wa kipimo ndio unaokurudisha kwenye ukweli.

Kila asubuhi, ila Jumapili duka likifungwa, mume wangu alinitolea mkufu ule. Aliulaza kitambaani mwenyewe, lulu za mbele zikinielekea, na aliniambia nisiuguse. Jioni alifunga.

Miezi ile, karibu kila lulu niliyoilaza kando ya kipimo ilipita. Nilishangaa. Halafu nikamshukuru Mungu kwa kutuletea mzigo mzuri!

Mpaka alipoingia Mama Harusi.

Tunamwita hivyo kwa sababu ana duka la mavazi ya maharusi na hununua kwetu tangu zamani. Alilaza mikufu miwili mezani. Mmoja wa mwaka jana, uliopangwa na mama mkwe. Mwingine mpya, wa kwangu. Yote imeandikwa daraja la kwanza.

Wa mwaka jana ulikuwa na dirisha ndani yake. Wa kwangu ulikuwa chokaa.

Nikaivuta yote miwili dirishani, tofauti ikabaki ile ile.

Mama Harusi alisema bibi harusi aliuvaa, akasimama karibu na dada yake aliyevaa ule wa zamani, na ukumbi mzima ukaona tofauti. Alisema maneno mengi mengine, siyarudii hapa. Hapo ndipo mama mkwe aliponirushia usoni ule mpya.

Wifi ndiye aliyeanza kutaja wizi. Akasema lulu nzuri nimezitoa nikaweka takataka, na hao wenzangu wa darasa la jioni ndio wanaonisaidia kuziuza. Mama mkwe alisikiliza akinikazia macho kupitia miwani yake mpya.

"Utatoka dukani kwangu," akasema. "Na utatoka kwa mwanangu. Leo, kabla jua halijazama."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba, na wewe husemi?"

Akainua mabega.

"Mama, jioni zote zile alikuwa anasomea nini kama si wizi?"

Wapendwa... kofi la mkufu halikuniuma kama hilo.

Nikafumba macho. Sikuomba maneno mengi. Nilisema, Mungu, mimi nilipima. Nionyeshe nilikosea wapi.

Nilipoyafumbua, ulimi ulikuwa umepata la kusema.

"Nitatoka, mama. Lakini nilipima kwa mkufu wako wa kipimo. Naomba uletwe, uutazame wewe mwenyewe."

Mume wangu akaacha kuegemea mlango. Akasema kitasa cha kabati kina hitilafu, fundi atakuja kesho.

Mama mkwe hakumtazama hata. Alinyoosha mkono tu.

"Funguo."

Kitasa kilifunguka bila tatizo lolote. Wifi akaleta kisanduku cha mkufu wa kipimo, mama mkwe akaenda nacho dirishani. Hakuwa ameugusa mkufu ule tangu upasuaji. Akautandaza kwenye kitambaa cheupe, akaviringisha lulu ya kwanza, ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akazigusa zile za nyuma, zinazolala shingoni.

Zilikuwa na umanjano. Uzi wa hariri nao ulikuwa umebadilika rangi.

"Huu umevaliwa," akasema taratibu. "Umevaliwa sana. Jasho na manukato vimeula."

Akainua macho yake kwangu. "Uliuvaa wewe!"

Hapo nilidhani nimekwisha. Nilitaka kisanduku kiletwe kiniokoe, kumbe kimekuja kunizika.

Akanisukumia mkufu kifuani. Nikaushika... na harufu ikanifikia.

Tamu, nzito, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mafundo yote yalikuwa yameinywa.

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mama, harufu hii naijua. Naifua kila wiki. Imo kwenye mashati ya mwanao. Aliniambia ni manukato ya wateja."

Mume wangu akaanza kufoka kwamba nimechanganyikiwa, masomo yamenipanda kichwani. Na katikati ya kufoka kwake, wifi yangu, adui yangu wa miaka yote, akageuka akapanda ngazi.

Akashuka na shati kutoka kwenye kapu la nguo chafu.

Akalinusa shati. Akaunusa mkufu. Akamtazama kaka yake.

"Kaka, kipimo cha mama umemvisha nani?"

"Mnakuza mambo," mume wangu akasema. "Alikuwa anaurudisha kila Jumatatu."

Nadhani alipomaliza ndipo alipojisikia.

Mama Harusi akavuta kiti naye akakaa. Alikuja kudai mkufu, amekuta sinema.

Mama mkwe hakulia, wala hakuniomba radhi mpaka leo. Alinyoosha mkufu ule kwenye kitambaa na kuniita kwa mkono.

"Haya, mwanafunzi. Upange huu."

Nikanawa mikono. Nikakaa dirishani.

"Ukubwa ni ule ule," nikasema. "Umbo ni lile lile. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni ule ule. Mng'ao hakuna, na mng'ao wa lulu ukilika haurudi."

"Daraja?"

Nilimtazama mume wangu nikijibu. "Haufai kupimia tena, mama."

Akaja karibu, sauti imekuwa laini ghafla. Mke wangu, twende juu tuongee.

Nilikwenda juu, ndiyo. Nikafungasha nguo zangu na madaftari yangu. Niliambiwa nitoke kabla jua halijazama, na nikatoka.

Ila nilitoka kwa mwanawe tu. Asubuhi iliyofuata nilikuwa dukani, na funguo za kabati zilikuwa zikinisubiri mezani juu ya kitambaa cheupe.

Wapendwa, miaka yote ile nilijilaza kando ya neno la mtu mmoja kila siku, nikajiona sifai. Sikuwahi kumtazama yeye kwenye mwanga wa dirisha. Niliomba Mungu anipe macho ya kupima lulu, naye akanipa ya kukipima kipimo chenyewe. Kama kuna mtu anayekuambia kila siku kwamba wewe ni hafifu, mpeleke dirishani kwanza.

Wifi? Hajabadilika. Asubuhi ile alinitazama nikiingia na begi langu la madaftari.

"Profesa," akasema, "umechelewa."

Halafu akanisogezea kiti cha dirishani.