Shimo Halina Ukoo

Kila asubuhi nyumba ya Athanas, huko Mgeta juu katika milima ya Uluguru, iliamka kwa sauti tatu. Jogoo aliwika, mbuzi wa maziwa alilia, na Athanas alikohoa ili watu wajue kwamba baba ameamka. Wakati huo mkewe, Bernadeta, alikuwa ameshaamka zamani. Alikuwa akirudi kutoka chemchemini na ndoo kichwani.

Karibu na chemchemi hiyo palikuwa na bustani ya kabichi. Tangu biashara ilipoachiwa huru, malori ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam yalipanda mlima kufuata mboga. Athanas alizipenda kabichi zake sana. Bernadeta alisema kabichi zingejua kupika, yeye angerudishwa kwao. Halafu alicheka, maana kwao ni pale pale.

Shida ilikuwa moja. Kila mwaka Athanas alisogeza bustani kidogo kuelekea chemchemi, kwa sababu huko udongo una unyevu. Alifyeka majani, akang'oa vichaka, mpaka safu ya mwisho ya kabichi ikafika kwenye jicho la maji. Na kila mwaka maji yalipungua. Kiangazi kile kina mama walimaliza umbea wote wa kijiji, na ndoo bado haijafika nusu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Wagombea walipanda mlima mmoja mmoja, na kila mmoja aliahidi bomba. Hakuna aliyesema bomba hilo litatoa nini. Baada yao akaja ofisa mmoja kutoka mjini. Aliwaambia wanakijiji kwamba mito ya Uluguru inakauka, kwamba mabomba ya mjini yanatoa upepo, na kwamba wenye makosa ni watu wa mlimani. Masika ijayo, atakayekutwa analima kwenye chanzo cha maji ataondolewa shambani.

Watu walinung'unika. Walisema watu wa mjini wanakunywa maji ya mlima na hata asante hawajawahi kuleta. Athanas hakuwaza asante. Aliiwaza bustani yake. Ikichukuliwa, nyumba yake itakula nini?

Siku chache baadaye redio ikahimiza watu wapande miti. Athanas aliona amepata dawa: mwenye miti hataondolewa. Jumapili alidai tumbo linamuuma, hivyo Bernadeta akaenda misani na kaka yake, Lukasi. Waliporudi, tumbo lilikuwa limepona, na miche ya mikaratusi ilikuwa imesimama kuizunguka chemchemi kama mgambo.

Hapo Athanas alikosea mara mbili. Kosa la kwanza kila Mluguru analijua. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa Bernadeta. Ilitoka kwa bibi yake, ikaja kwa mama yake, ikaja kwake. Athanas alikuwa ameoa tu pale. Kabichi aliruhusiwa, maana kabichi huvunwa zikaisha. Lakini mti hukaa. Anayepanda mti ni kama anasema ardhi ni yake. Na msimamizi wa ukoo alikuwa Lukasi.

Lukasi hakugomba. Akiwa bado amevaa koti la kanisani, aliing'oa mikaratusi yote, mche baada ya mche.

"Shemeji," alisema alipomaliza, akijipangusa mikono, "tulikupa dada. Mlima hatukukupa."

Bernadeta aliogopa. Wanaume hawa wakinuniana, hakuna kitakachopandwa, na masika itaikuta chemchemi iko uchi. Kesho yake aliteremka kumwita Mwanaheri, bibi shamba wa kata, mtaalamu wa kilimo. Mwanaheri alikuwa mtu wa Turiani, huko tambarare, lakini milima ile aliipanda kama mbuzi.

Mwanaheri alimpa Lukasi shikamoo. Akaitazama chemchemi, kisha miche iliyolala chini, akaanza kucheka.

"Mzee Lukasi, umeokoa maji," alisema.

Lukasi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Aliuliza ameyaokoaje.

Mwanaheri alieleza kosa la pili. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, ukiwa mahali pake. Lakini unakunywa maji mengi.

"Kuupanda kwenye chemchemi ni kumpa mlevi ufunguo wa kilabu," alisema.

"Kumbe nilikuwa sahihi," alisema Lukasi.

"Kwa bahati, kaka," alisema Bernadeta. "Usivimbe."

Mwanaheri alisema kabichi ziondoke karibu na maji. Pale ipandwe miti ya asili, kama mikuyu na mitalawanda, kisha pazungushiwe uzio wa miba ili mbuzi wasiingie. Akaonyesha mteremko uliokuwa mtupu.

"Mvua za siku hizi zinachelewa, na zikija zinakuja kwa hasira," alisema. "Kuziamuru hatuwezi. Kuzipunguza mbio tunaweza. Kwenye udongo mtupu maji yanakimbia na udongo wetu mpaka mjini. Penye majani na mizizi yanazama. Chemchemi inayatoa polepole kiangazi kizima."

Lukasi aliuliza kama anataka wachonge ngazi za kulimia mlimani. Wakoloni waliwalazimisha hivyo. Udongo mbaya wa chini ulikuja juu, na mahindi yakakonda. Mwanaheri alisema hapana, ngazi hazitaki. Wapande mistari ya mabingobingo kukata mteremko. Majani hayo yanazuia udongo, na mbuzi wa maziwa wanayapenda.

Likabaki swali la nani atapanda miti. Athanas alitazama miguu yake. Lukasi alitazama mawingu.

"Ukoo upande," alisema Athanas mwishowe. "Mimi nichimbe. Shimo halina ukoo."

Lukasi alijaribu kukunja uso, ukakataa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mvua za kwanza zilipoanguka, ukoo mzima ulikuja na ngoma. Bernadeta alipanda mkuyu wa kwanza. Athanas alichimba, na wanawake wakamtungia wimbo wa mwanamume aliyeoa jembe. Yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Masika ofisa alirudi na hakupata wa kumwondoa. Alipewa jembe, akalishika, akapigwa picha, akalirudisha. Lukasi alimwambia apeleke salamu: mlima umefanya zamu yake, na mji nao ulete asante, hata ya miche. Ofisa alikubali kwamba jambo hilo halijawahi kuzungumzwa mjini. Msimu uliofuata miche ilikuja.

Miaka ilipita. Mbuzi walinenepa kwa mabingobingo. Kabichi zilistawi huko zilikohamia. Kiangazi kilipokuja, chemchemi haikupungua. Kina mama ndio waliolalamika. Ndoo ilijaa upesi mno, na umbea ukabaki kiporo.

Siku moja Lukasi alimletea Athanas mche wa mkuyu.

"Panda na wewe," alisema. "Unayekunywa maji ya hapa kila siku bila mti, tunakuona kama mpita njia."

Athanas aliupokea kwa mikono miwili.

"Lakini sikiliza, shemeji," Lukasi aliongeza. "Ukifa, mti unabaki kwetu."

Athanas alishika jembe, akaanza kuchimba.

"Basi mtausubiri sana," alisema.